Mtaji Ulivyoingia Bonde la Kilombero

Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza, Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC), tawi la Benki ya Dunia lililokuwa na umri wa miaka minne tu, lilikubali kuweka dola milioni 2.8 katika kampuni ya sukari ya Kilombero, ambayo kiwanda chake kilikuwa hakijasimama. Kwa kiwango cha siku zile hiyo ilikuwa pauni milioni moja kamili. Huo ulikuwa miongoni mwa uwekezaji wa mwanzo kabisa wa shirika hilo barani Afrika, na ulikwenda Msolwa, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo watu wengi wa Dar es Salaam hawakupajua.

Haukwenda peke yake. Shirika la Maendeleo la Kikoloni la Uingereza, CDC, liliingia, na wafadhili wa Kiholanzi wakaingia pia. Usimamizi walipewa HVA, kampuni ya Amsterdam iliyojifunza miwa Indonesia, ikapoteza mashamba yake huko yalipotaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambayo tayari ilikuwa na kiwanda cha sukari Wonji, Ethiopia. Kila mmoja alimtazama mwenzake kabla ya kutoa fedha. CDC ilihitaji mtu anayejua miwa, HVA ilihitaji fedha za watu wengine, na jina la Benki ya Dunia liliwatoa wote wasiwasi kuhusu nchi iliyokuwa ikielekea kubadili serikali. Makampuni yanayotafuta mtaji leo hufuata mkondo huohuo: kwanza hutafutwa mwekezaji mmoja mwenye jina, kisha wengine humfuata.

Bonde lenyewe lilikuwa limekwisha kunadiwa muda mrefu. Mwaka 1929 mhandisi Alexander Telford alitoa ripoti juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 ikatoka ripoti ya utafiti mkubwa wa FAO kuhusu bonde lote la Rufiji. Nyaraka za namna hii ndizo zilizotangulia mikutano na wawekezaji. Mwenye fedha aliyekuwa London au Washington alisoma habari za udongo mweusi, mito inayoshuka Udzungwa mwaka mzima na tambarare isiyo na mwisho. Kuhusu Wandamba, Wambunga na Wapogoro, waliokuwa wakilima mpunga kwenye tambarare hiyohiyo kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka, alisoma machache sana. Pengo hilo limewagharimu wenyeji na wawekezaji pia.

Kuna mwekezaji mmoja ambaye hatajwi sana: serikali iliyolipia reli. Tawi kutoka Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965. Bila reli hiyo sukari ya Msolwa isingefika sokoni kwa bei inayolipa. Miaka kumi baadaye ikaja TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Ifakara na Mlimba zikapata stesheni, na mchele wa bonde ukapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kusubiri barabara ikauke.

Sukari haikulipa haraka kama makaratasi yalivyosema. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 umiliki ulihamia serikalini, na mwaka 1974 likaundwa shirika la SUDECO kusimamia sekta nzima. Kiwanda cha pili, Ruembe upande wa Kilosa, kilijengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mikopo ya nje. Kisha zikaja shida zilizoyapata mashirika mengi ya umma: vipuri havipatikani, fedha za kigeni hakuna, mitambo imechoka.

Mwaka 1998, mwaka uleule Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi, kampuni ya sukari ya Kilombero iliuzwa. Haikupelekwa sokoni. Illovo ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 55, ED&F Man ya Uingereza asilimia 20, serikali ikabaki na 25. Uzalishaji ulipanda, na katika miaka michache ukapita tani laki moja kwa mwaka.

Kilichofanya kazi hapo kinaonekana vizuri zaidi kwenye mizani ya kiwandani. Miwa ikishachomwa, sukari yake huanza kupungua, na ikikaa shambani siku kadhaa mkulima analipwa kidogo. Kwa hiyo mkulima wa nje ya shamba la kampuni, mwenye ekari zake tatu au nne, hana pa kuipeleka isipokuwa kwa kampuni hiyo moja. Gari linapimwa, sampuli inachukuliwa, kiwango cha sukrosi kinaandikwa, na malipo hupita kwenye chama chake. Kabla fedha haijamfikia, mkopo wa mbolea, ukataji na usafiri umeshakatwa. Wakulima wamelalamikia makato hayo kwa miaka, na wana haki ya kudai mahesabu yaliyo wazi. Lakini ni makato hayohayo yaliyoifanya benki imkopeshe mtu asiye na hati ya nyumba: ilijua fedha yake itapita mlango gani. Idadi ya wakulima wa nje ilipanda kutoka elfu chache hadi zaidi ya 8,000.

Kusini zaidi, Mngeta, mambo yalikwenda vingine. Shamba la hekta 5,818 lilianza miaka ya 1980 kama ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, KOTACO. Ubia ulipokufa, watu waliingia, wakalima, wakajenga. Mwaka 2008 shamba likawa la Kilombero Plantations, chini ya kampuni ya Agrica kwa ubia na RUBADA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza bonde la Rufiji. Mtaji ulitoka Norfund, mfuko wa serikali ya Norwei, na Capricorn ya Marekani. Waliokuwa wakiishi humo waliondolewa kwa fidia, na malalamiko yao yalikusanywa katika ripoti ya Oakland Institute ya mwaka 2015.

Wakati huo bonde la Kilombero lilikuwa kwenye kila meza ya wawekezaji. Mpango wa SAGCOT, wa ukanda wa kilimo kusini mwa Tanzania, ulizinduliwa Mei 2010 Dar es Salaam, kwenye mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani kwa Afrika, na mwanzoni mwa 2011 ukapelekwa Davos ukiwa na lengo la uwekezaji wa dola bilioni 3.4 kwa miaka ishirini. Mngeta ilikuwa mfano wa kuonyeshwa wageni: umwagiliaji, ghala, mafunzo ya kilimo shadidi cha mpunga kwa maelfu ya wakulima wa jirani.

Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili kushusha bei mijini. Bei ikaporomoka, na kampuni yenye madeni makubwa haikuwa na nafasi ya kusubiri. Kufikia 2019 ilikuwa imefilisika.

Sukari ilikuwa na bodi inayodhibiti uagizaji na serikali yenye robo ya hisa. Mpunga haukuwa na mlinzi wa namna hiyo. Wawekezaji wa Mngeta walipima udongo na maji kwa makini, ila hatari kubwa ilikuwa bandarini. Mwaka 2021 wenye hisa wa kampuni ya sukari ya Kilombero, serikali ikiwemo, walikubaliana kuweka shilingi bilioni 571.6 kwenye kiwanda kipya ambacho kingezidisha sukari maradufu. Mngeta haikupata mkutano kama huo.

Mkulima mdogo wa mpunga, kwa upande wake, ana wakopeshaji wa aina nyingine. Palizi ya Januari na Februari inapodai vibarua, anamwendea mfanyabiashara wa Ifakara, anachukua fedha taslimu, na wakati wa mavuno anatoa magunia kwa bei iliyopangwa mpunga ungali shambani. Wengine wana vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na SACCOS, na sheria ya stakabadhi ghalani, ya kukopa kwa dhamana ya mazao yaliyohifadhiwa, ipo tangu 2005. Ila mpunga unaweza kukobolewa kwenye mashine yoyote ya mtaani, na kuuzwa usiku huohuo kwa lori lolote linaloelekea Dar es Salaam. Benki haioni mlango wa kusimama. Mfanyabiashara anauona, kwa sababu yuko shambani siku ya kuvuna, na bei anayotoza kwa kuwepo kwake hapo ni gunia moja zaidi kwa kila machache.