Mzee wa Malindi Aliuliza Kuhusu Foleni

Ukienda Paris leo, buku mapema nafasi ya kuingia Notre-Dame. Ni bure, lakini unachagua siku na saa kwenye simu, la sivyo utapanga laini na dunia nzima. Kanisa hilo lilishika moto Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024, na tangu hapo watu hawaishi mlangoni.

Sasa njoo Malindi. Karibu na bahari kuna kanisa dogo la Wareno: kuta za mawe ya matumbawe, paa la makuti, makaburi nje. Hapa hubuku saa. Unakuja tu.

Mwaka wa 1542, meli iliyombeba Francis Xavier kwenda Goa ilitia nanga Malindi. Wareno walikuwa wameshaizoea bandari hii tangu Vasco da Gama alipofika Aprili 1498. Wakiwa hapo, walimzika mwenzao mmoja. Halafu kukawa na mazungumzo ambayo Xavier aliyasimulia mwaka huohuo katika barua kutoka Goa. Mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, alimuuliza: kwani huko kwenu makanisa hujaa? Maana Malindi, mzee alieleza, ilikuwa na misikiti 17, na ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa, tena na watu wachache.

Kumbuka aliyeandika ni mmishonari. Kwake, habari kwamba Uislamu wa Pwani unapoa ilikuwa habari tamu. Lakini hata tukimsoma kwa tahadhari, mzee anasikika. Ana wasiwasi na mji wake, na anamuuliza mgeni kama kwao pia mambo ni hayohayo.

Tatizo ni kwamba jengo tupu halisemi kwa nini ni tupu. Kule Mnarani, juu ya hori ya Kilifi, msikiti mkubwa wa karne ya 15 umebaki bila paa. Mji wenyewe uliachwa karne ya 17. Watu walipohama, safu zilihama nao. Kanisa la Malindi nalo lilipoa wakati mamlaka yalipohamia Mombasa, baada ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Hakuna aliyehitaji kupoteza imani.

Na jengo lililojaa je? Xavier alifariki 1552 karibu na pwani ya China. Mwili wake uko Goa, na kila baada ya miaka kumi hivi hutolewa watu wauone. Mara ya mwisho ilikuwa kati ya Novemba 2024 na Januari 2025. Umati ulifurika. Kuna waliokwenda kusali, kuna waliokwenda kupiga picha, na laini ilikuwa ileile. Ukihesabu vichwa, huwezi kuwatenganisha.

Kwa hiyo ukipita Malindi, ingia kale kakanisa. Kaa unavyotaka, hakuna mtu nyuma yako anayesubiri zamu. Kisha ukitoka, fanya jambo moja zaidi. Kanisa la wageni tunalo, na nguzo ya Vasco da Gama iko palepale juu ya mwamba, na watalii wanaonyeshwa. Waulize wazee wa mji ile misikiti mingine 14 ilikuwa wapi.