Fanani, Mwili na Sifa: Staff Benda Bilili katika Historia ya Rumba

Methali isemayo "hujafa hujaumbika" humwonya mtu asimcheke mwenye ulemavu. Onyo hilo ni la haki, lakini halitoshi kuwa msingi wa uhakiki. Anayejizuia kucheka aweza bado asisikilize: hustaajabia kwamba mtu asiyeweza kutembea anaimba, asijiulize anaimba nini. Historia ya Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki wa Kinshasa, yaonyesha hasara ya sifa za namna hiyo.

Waanzilishi wake, Ricky Likabu na Coco Ngambali, waliugua polio utotoni, kama wenzao kadhaa. Ulemavu huo wenyewe una historia. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1955, na ile ya matone ikafuata mwanzoni mwa miaka ya sitini. Hata hivyo watoto wengi wa Kongo waliendelea kukua bila kufikiwa. Miguu iliyopooza, basi, si majaliwa matupu; ni matokeo ya mgawanyo wa huduma. Hata baiskeli ya magurudumu matatu ina maana zaidi ya ionekanayo. Kwa muda mrefu watu wenye ulemavu walipata nafuu ya nauli na ushuru katika vivuko vya Mto Kongo, wakawa wachukuzi wa bidhaa kati ya Kinshasa na Brazzaville. Kile ambacho mgeni alikiona kuwa alama ya udhaifu, mwenyeji alikijua kuwa chombo cha biashara. Kundi hili likakifanya kiti cha jukwaani.

Albamu yao ya kwanza, Très très fort, ilitolewa mwaka 2009, nayo ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, walikokuwa wakifanyia mazoezi. Msingi wake ni rumba, lakini sauti inayoitambulisha upesi ni ya satongé, ala yenye uzi mmoja iliyoundwa kwa kopo. Mpigaji wake, Roger Landu, alikuwa kijana wa mitaani asiye na ulemavu wa viungo. Jina "kundi la walemavu" halielezi hata muziki wenyewe unavyosikika.

Wimbo "Polio" huwasihi wazazi wawapeleke watoto wao kuchanjwa. Kwa istilahi za fasihi simulizi, huo ni wimbo wa mawaidha. Aghalabu mamlaka ya mtoa mawaidha hutokana na umri au elimu. Hapa yanatokana na mwili ambao hadhira inauona. Akiuimba mtu mwenye miguu timamu, maneno yatabaki yale yale, lakini hoja itapungua nguvu. Mwili wa fanani ni sehemu ya matini, kwa hiyo usemi kwamba aliimba vizuri "licha ya" ulemavu wake unapotosha. Isitoshe, wimbo huo haukuwa kumbukumbu ya maumivu yaliyopita: ulitoka zaidi ya miaka kumi kabla ya Agosti 2020, Afrika ilipothibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Katika "Tonkara", unaotaja makatoni wanayolalia watu wa mitaani, ushahidi wa waimbaji ni wa umaskini, wala si wa ugonjwa.

Filamu kuhusu kundi hili ilionyeshwa Cannes mwaka 2010, na albamu ya pili ikatoka mwaka 2012. Mwaka 2013 kundi likagawanyika. Simulizi ya mashujaa wavumilivu haina nafasi ya tukio hilo, kwani shujaa wa subira hatarajiwi kufarakana na wenzake. Historia ya rumba, kinyume chake, inalielewa mara moja: mwaka 1963 African Jazz ya Joseph Kabasele iliachwa na Tabu Ley na Dr Nico, na haikuwa bendi ya mwisho kupatwa na hayo. Utengano wa mwaka 2013 unawaweka Likabu na Ngambali wanapostahili, miongoni mwa wanamuziki wa jiji lao, wenye tamaa, ushindani na maamuzi kama wengine.

Jina Benda Bilili, katika Kilingala cha Kinshasa, hufafanuliwa kuwa wito wa kutazama ng'ambo ya sura ya nje. Wito huo haumtaki mhakiki ajifanye haoni baiskeli iliyo jukwaani. Unamtaka aitazame kama anavyotazama gitaa, kisha aulize inafanya kazi gani katika wimbo.