Deni Halijilipi

Nilipotoka chuo kikuu bila digrii, nilirudi Usenge na laptopu yenye kioo kilichopasuka na programu nyingi nusunusu. Shangazi yangu anauza omena ufuoni, kwa gorogoro na kwa debe, na wateja wake wengi huchukua kwa mkopo. Daftari lake la madeni lilikuwa limelowa mara mbili. Nikamwambia, "Waya, nitakutengenezea programu."

Niliiandika kwa Python, usiku mbili tu. Kila deni lilikuwa objekti, na mteja akilipa ilikuwa hivi: deni.punguza(500). Wiki ya tatu mwenye hoteli mmoja akasema amemaliza kulipa 3,400 zake. Programu ikakubali: sifuri. Shangazi hakuwa ameona hata shilingi. Nani alilipa? Nani alipokea? Hakuna palipoandikwa. Huenda ni mimi niliyelifuta nikifanya majaribio. Shangazi akaniangalia. "Nyathina, deni halijilipi lenyewe."

Usiku huo nikaanza kuitafuta historia ya ile nukta.

Kumbe ubishi ni wa zamani. Katika ALGOL W ya Niklaus Wirth na Tony Hoare, mwaka 1966, unachotafuta kinatangulia: umri(Otieno). Huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wakageuza mambo katika Simula 67, lugha iliyotuletea objekti: Otieno.umri. Walikuwa na sababu. Simula ilitengenezwa kuigiza dunia, foleni na viwanda, na katika igizo kila mhusika ana mambo yake. Unamtaja kwanza, halafu unasema anafanya nini.

Miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake pale Xerox PARC, California, walienda mbali zaidi. Katika Smalltalk nukta haihitajiki: unataja objekti, unaacha nafasi, unaandika ujumbe. Hata 3 + 4 maana yake 3 imetumiwa ujumbe wa kujumlisha, nayo ndiyo inayoamua ijibu vipi. Objective-C ya Brad Cox na Tom Love ikaufungia ujumbe ndani ya mabano ya mraba. Bjarne Stroustrup, aliyeitumia Simula akisoma Cambridge, akaibeba nukta hadi C++. Java ikaifuata mwaka 1995, na nukta ikawa ya kila mtu.

Lakini mzozo haukuisha. Python unayofundishwa leo ina njia zote mbili: orodha.append(x), lakini len(orodha). Mwaka 2014 Stroustrup na Herb Sutter, kila mmoja na pendekezo lake, walitaka C++ ipunguze tofauti kati ya x.f() na f(x). C++17 ikatoka bila hilo. Nao watu wa Common Lisp walikuwa wameshachagua njia nyingine: kitendo si mali ya objekti moja, kinaangalia wote wanaohusika ndipo kiamue.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nukta haikuniibia. Ningeweza kuweka jina la mteja ndani ya yale mabano. Lakini kuandika deni.punguza kulinifanya nione deni peke yake, kama kwamba limekaa ufuoni likijipunguza, na sikuwaza kuuliza nani.

Na lugha yangu ilikuwa inauliza siku zote. Omena wameisha, nyavu zimechanika, deni limebaki: nomino inatangulia, kitenzi kinavaa alama yake. Hiyo ni Simula kabisa. Ila sikiliza neno hili: amelilipa. A- ni mteja, -li- ni deni. Mlipaji na kinacholipwa wamo ndani ya kitenzi kimoja, hakuna aliyesahaulika. Shangazi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, husema hivyo kila jioni akihesabu.

Niliiandika upya: lipa(mteja, deni, kiasi, mpokeaji). Ni ndefu, haipendezi, na mtu wa Java angenicheka. Lakini ukiacha jina moja, inakataa kufanya kazi.

Zile 3,400 nilizilipa mimi, kwa pesa ya makala mawili. Ndio mstari wa kwanza wa programu mpya, na jina langu lipo palipoandikwa mlipaji. Shangazi anaitumia. Daftari bado analo, siku hizi analikunja ndani ya kopo la Kimbo.