Inchi Nane za Nini?

Maelezo ya keki yakikwambia utumie chombo cha "inchi 8", yamekupa nusu ya habari. Inchi 8 za nini? Kwa chombo cha duara, hicho ni kipenyo. Kwa cha mraba, ni upande. Eneo la mraba huo ni inchi za mraba 64, la duara ni 50 na chembe. Ukichukua rojo la mrabani ukalimimina lote kwenye duara lenye kina kilekile, likishaumuka utakuwa na kazi ya kukwangua oveni.

Nalipenda neno kipenyo. Ni mstari unaopenya duara katikati, toka ukingo hadi ukingo, basi. Halidai kupima nafasi. Tunaolifanya lipime nafasi ni sisi, ndiyo maana kutoka inchi 8 hadi 10 tunaona ni nyongeza ya kidole, kumbe eneo limepanda kutoka 50 hadi 78 na nusu. Anayeongeza yai moja na unga kidogo kwa kukisia atatoa keki bapa kama chapati. Vipimo vyote vizidishwe kwa moja na nusu, hata kupita kidogo.

Majina yetu ya vyombo hayakusumbuka na ukubwa. Sufuria asili yake ni Kiarabu, jina la shaba, ingawa tunayopikia leo ni ya alumini. Sinia nalo, kwa njia hiyohiyo ya Kiarabu, linaikumbuka China. Mkate wa kumimina wa Unguja umeitwa kwa kitendo. Wengine huuita mkate wa sinia, kwa chombo. Mpishi wake hupalia makaa juu ya mfuniko na kutazama rojo limefika wapi. Siku hizi mteja anaagiza "keki ya kilo", nami huwa najiuliza: kilo ya unga, au ya keki iliyokwisha kuiva?

Kwa anayebadilisha chombo, kanuni nyepesi ni hii: duara lizidi mraba kwa inchi moja. Duara la inchi 9 lina takriban 64, sawa na mraba wa 8. Duara la 8 linakaribiana sana na mraba wa 7, wenye 49.

Bado kina. (Washairi wana kina chao, hiki ni cha chombo.) Kina cha rojo ndicho kinachotawala saa. Likitandazwa jembamba huiva upesi, kwa hiyo lichome kijiti mapema. Likiwa nene, kingo hukauka na kati bado ni uji, basi punguza moto kidogo na uongeze muda. Kwa keki za kawaida, rojo lisipite theluthi mbili za urefu wa chombo.

Asiyependa hesabu apime ujazo: ajaze maji kwa kikombe kwenye chombo cha kwanza, kisha cha pili, alinganishe. Chombo ambacho ubavu wake hufunguliwa kwa kibanio kitavuja, hivyo atumie mchele. Na kwa chombo chenye tundu katikati kipenyo hakifai kitu, kwa kuwa pale kinapopenya hapana keki. Hapo ni vikombe vya maji tu.