Uhura na Chapel: Maelezo Juu ya Hadithi za Mashabiki na Shida ya Kuzipata

Mwanachuoni wa Kiswahili asikiapo jina la Uhura hakawii kutambua asili yake. Limetokana na neno uhuru, naye aliyepewa ni afisa wa mawasiliano katika Star Trek, mchezo wa televisheni wa Marekani ulioanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966. Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa nini hadithi ambazo mashabiki wametunga juu ya mapenzi ya Uhura na muuguzi Christine Chapel ni chache, na kwa nini hata hizo chache ni taabu kuzipata.

Hadithi za namna hii zilianzia katika magazeti madogo ya mashabiki wenyewe. La kwanza la Star Trek, Spockanalia, lilitoka mwaka 1967. Mwaka 1974 gazeti la Grup lilichapisha hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza juu ya mapenzi ya Kirk na Spock. Watungaji wakazoea kutia mkwaju kati ya herufi za majina yao, K/S, na alama hiyo ikawa jina la aina nzima ya hadithi. Jozi za wanawake zilibaki nyuma. Xena: Warrior Princess (1995–2001) ilizipa nguvu kubwa, lakini mavuno yake mengi yaliwaendea Xena na Gabrielle.

Sababu ya kwanza imo katika michezo yenyewe. Wanawake walikuwa wachache, tena mara chache walizungumza wao kwa wao. Mtungaji hana budi kushika tukio dogo na kulikuza. Tukio la namna hiyo limo katika The Changeling ya mwaka 1967: kumbukumbu za Uhura zimefutwa, Chapel anamfundisha kusoma upya, na katika kujifunza huko Kiswahili kinamtoka Uhura kinywani. Ni dakika chache tu, lakini ni mbegu ya kutosha.

Sababu ya pili ni jina. Katika mfululizo ule wa kwanza, uliokoma mwaka 1969, Uhura hakupewa jina jingine lolote. Jina la Nyota lilitokea kitabuni mwaka 1982, na katika filamu halikutamkwa hadi mwaka 2009. Basi atafutaye Nyota katika magazeti ya miaka ya 1970 atarudi mikono mitupu, sawa na atafutaye Utendi wa Tambuka asijue kwamba huitwa pia Chuo cha Herekali.

Archive of Our Own, maktaba ya intaneti iliyofunguliwa mwaka 2009, imejaribu kutibu shida hiyo. Mtungaji huandika lebo apendavyo, kisha wafanyakazi wa kujitolea huunganisha maumbo mbalimbali ya jina moja, hata atafutaye kwa umbo moja huyapata yote. Mkwaju huonyesha mapenzi; alama ya & huonyesha urafiki. Hata hivyo, orodha ya kuchujia huonyesha jozi kumi tu, zile zenye hadithi nyingi kuliko nyingine. Jozi ya kumi na moja haionekani mpaka msomaji aiandike kwa mkono wake. Yaani, aijuaye ndiye aipataye, na asiyeijua hatadhani kuwa ipo.

Kwa sababu hiyo mashabiki wamebuni njia nyingine. Yuletide, iliyoanza mwaka 2003, ni mabadilishano ya kila mwaka juu ya kazi zisizoandikiwa sana: kila mmoja huomba hadithi aitakayo, naye humtungia mwenziwe. Utaratibu kama huo hutumika pia kwa jozi za wanawake.

Yafaa basi tujihadhari katika kuhesabu. Wingi katika orodha huzaa wingi, na uchache huzaa uchache. Hadithi iliyohifadhiwa kwa jina lisilojulikana ilitungwa, na huenda ilipendwa. Iliyokosekana ni njia ya kuifikia. Sisi tunaoshughulika na hati za kale twalijua jambo hili, lakini ni rahisi kulisahau tushikapo orodha iliyopangwa vizuri.