Ndoo ya Devon, Bamvua la Pemba

Mwaka 1853 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kuhusu matembezi yake katika pwani ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka uliofuata akatoa The Aquarium, kilichowafundisha Waingereza kufuga viumbe wa baharini majumbani, ndani ya matangi ya kioo. Watu wa mijini wakamiminika ufukweni na ndoo zao, wakabeba kila kilichowavutia. Mwanawe, Edmund, aliandika kwa uchungu katika Father and Son, kitabu cha mwaka 1907, kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikwisha kuporwa, na kwamba baba yake alitambua kuwa vitabu vyake mwenyewe ndivyo vilivyoleta umati ule. Gosse aliipenda pwani kwa moyo wote. Mapenzi hayo, yalipoenea kwa maelfu, yaliivua nguo.

Nikitazama wanaojitolea leo huko Wembury, katika Devon hiyohiyo, naona desturi iliyojifunza kutokana na jeraha hilo. Wanawashusha watoto kwenye miamba maji yakipwa, jiwe linageuzwa, kaa anatazamwa, kisha jiwe linarudishwa lilivyokuwa, maana waliojificha chini yake wakiachwa wazi watakaushwa na jua au kuliwa na ndege. Ndoo bado ipo, lakini kiumbe anarudi alikotolewa. Ni kazi njema. Imejengwa, hata hivyo, juu ya dhana moja: kwamba anayefundishwa haijui pwani, wala chakula chake cha jioni hakitoki humo.

Pemba dhana hiyo haishiki. Mama anayeshuka kuokota chaza na kuchokoa pweza hulitambua pango la pweza kwa maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni. Anajua bamvua litamfikisha wapi na maji mafu yatamzuia wapi. Kumwendea mtu huyu na bango la rangi ili kumweleza kwamba pweza ni kiumbe wa ajabu ni kumkosea adabu. Asichoweza kukiona ni yale yanayotendeka ndani ya pango: kwamba pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hukaa akiyalinda mayai yake karibu bila kula, na hufa yakishaanguliwa. Hapo ndipo mwelimishaji anapokuwa na neno la kuongeza, na neno hilo lina uzito kwa sababu linagusa kapu la mama.

Wavezo wa kusini-magharibi mwa Madagaska walilielewa hili mapema. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Pweza hukua upesi mno, hivyo siku ya kufungua waliovuliwa walikuwa wazito kuliko kawaida, na vijiji jirani vikaona kwa macho yao. Wataalamu walisaidia kupanga muda wa kufunga, lakini nguvu ya katazo ilitoka kwa wanakijiji wenyewe, waliokwisha kuzoea fady, yaani miiko ya wahenga, na dina, makubaliano ya kijiji yanayomtoza faini anayeyavunja. Njia kama hiyo imefika Zanzibar, na Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni kati ya mahali palipofunga miamba ya pweza kwa zamu.

Kisiwa hichohicho, Machi 2024, kilizika watu tisa waliokula nyama ya kasa. Wanane kati yao walikuwa watoto. Mwaka 2021 watu saba walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu hiyohiyo. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, wala huwezi kuitambua kwa kumtazama kasa. Siwezi kuandika juu ya uelimishaji wa pwani nikaliruka jambo hili. Kasa analindwa na sheria, lakini sheria haikuwafikia watoto wale kabla ya sahani. Aliyeweza kuwafikia ni jirani, mwalimu wa madrasa, bibi anayesikilizwa mtaani. Devon elimu inaweza kuanza na mshangao. Panza inapaswa pia kuweza kuanza na onyo, lisemwe waziwazi, nyumba kwa nyumba, na mtu ambaye wenyeji wanamwamini.

Watamu, Kenya, wametumia njia nyingine. Mvuvi akinasa kasa wavuni hupiga simu, watu wa uhifadhi wakaja kumchukua, na mvuvi akapewa fidia ndogo. Wapo wanaoona fidia inaharibu moyo wa kujitolea. Mimi naona inakiri ukweli kwamba wavu na muda wa mvuvi vina thamani.

Hata mfano wa Wavezo una kasoro ya kuangaliwa kwa makini. Mwamba wa maji mafupi ukifungwa, mwanamume mwenye ngalawa huenda kwingine, lakini mwanamke anayetembea kwa miguu hana kwingine. Na mara nyingi yeye ndiye asiyekuwapo uamuzi unapofanywa, kwa kuwa kikao kimeitishwa asubuhi ya bamvua, wakati yupo pwani na kapu lake. Kamati inayotaka kumsikia ihesabu mwezi kwanza, ipange kikao siku za maji mafu, na isiweke alama yoyote mwambani kabla yeye hajaeleza ni sehemu ipi anayoweza kuiacha na ni ipi asiyoweza.