Kibarua Kilichoota Nyasi: Mkosa Kazi wa Mtwara Mbele ya Sheria

Waswahili husema kuwa kibarua cha mtu kimeota nyasi pindi apotezapo kazi yake. Katika nchi ya kusini, kutoka Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, maneno haya yamepata maana zaidi ya mara moja. Maana kazi kubwa zilikuja huko kwa kishindo, zikaondoka, na majani yakamea mahali pake. Lakini historia ya mkosa kazi haiishi katika kupotea kwa kazi. Yafaa kuuliza pia ni nani aliyestahili kupewa msaada ilipopotea, na ni nani aliyeambiwa kwamba hahusiki. Hapo ndipo fumbo lilipo. Sheria, kila ilipotaka kumsaidia mkosa kazi, ilimwuliza maswali mawili: Nani alikuajiri? Nani amekuachisha? Mtu aliyejiajiri mwenyewe hakuwa na jibu.

Neno lenyewe la kibarua lina asili ya kufundisha. Kibarua ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi za kutwa ili aionyeshe apate ujira wake. Katika karne ya 19, katika Unguja na mrima wake, jina hilo lilishikamana na mtumwa aliyeruhusiwa na bwana wake kwenda kutafuta kazi mjini, akarudi na sehemu ya ujira ampe bwana huyo. Basi mtu huyu alijiajiri bila kuwa huru. Siku aliyokosa kazi hapakuwa na tajiri wa kumdai, kwa sababu kila tajiri alikuwa wa siku moja tu. Utumwa uliondoka, jina likabaki, na upungufu ule ukabaki pamoja na jina.

Zama za ukoloni zilileta hati nyingine, nayo ni kipande. Katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Mtu alipomaliza ngwe yake, mnyapara alimtilia alama. Asipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa. Mshahara ulitolewa alama zilipotimia. Wengi wa wafanya kazi hao walikuwa Wamakonde, na miongoni mwao walikuwamo waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno. Wengine wa nchi ya kusini walichukuliwa mbali, hata Tanga, kwa mkataba. Na kwa kuwa walihesabiwa kwa namba, wakaitwa manamba. Kipande kilipojaa, mkataba ulikwisha. Hakuna aliyeachishwa wala aliyefukuzwa. Karatasi ilijaa tu. Kwa njia hii tajiri alipata watu wa kazi kwa miaka mingi bila ya kuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kumwambia, “Umeniachisha.”

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukaja mradi wa karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kwa ajili ya Nachingwea ilitakiwa reli, na kwa ajili ya reli ilitakiwa bandari ya maji marefu. Ikachaguliwa ghuba ya Mtwara, jirani ya Mikindani. Maelfu wakafyeka pori, wakabeba mataruma, wakachimba na kujenga. Januari 1951 Serikali ilitangaza kuuvunja mradi, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, mzigo iliyojengewa ukiwa umekwisha kupunguka. Reli ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang’olewa. Hapo msemo wa wahenga ukaonekana kwa macho, kwa kuwa nyasi ziliota katika njia ile ya gari la moshi.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1946, Bunge lile lile la London lilipitisha sheria kubwa ya bima ya taifa, iliyoanza kutumika Julai 1948. Kwa sheria ile mfanya kazi wa Uingereza aliyepoteza kazi alipata fedha ya kumsitiri. Hata hivyo watu waligawanywa kwa mafungu. Aliyeajiriwa alikuwa katika fungu la kwanza, na haki yake ilikuwa kamili. Aliyejiajiri alikuwa katika fungu la pili. Alitoa mchango wake kila juma, akapata haki ya ugonjwa na ya uzee, lakini ya kukosa kazi hakupata. Hoja ilikuwa nyepesi kutamka: mtu aliye bwana wa nafsi yake, nani atathibitisha kwamba hana kazi, na kwamba hakuiacha kwa uvivu? Basi hata huko ilikotungwa sheria, fundi wa kujitegemea aliachwa mlangoni.

Katika Tanganyika hata mlango wenyewe haukujengwa. Hesabu ya serikali na ya matajiri ilikuwa kwamba Mwafrika ana shamba kwao. Akikosa kazi atarudi kwa mama yake, atakula muhogo, atangoja msimu mwingine. Kwa hesabu hiyo mshahara ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, iliyofanya kazi kutoka 1953 hadi 1955, iliona ubaya wa mpango huu, ikasema kwamba ujira mdogo na watu wa kuja na kuondoka haviwezi kujenga nchi. Lakini shamba likaendelea kuwa bima ya mtu wa kusini, na aliyelipa ada ya bima hiyo kwa jembe alikuwa mkewe aliyebaki nyumbani.

Uhuru ulibadili mengi. Mwaka 1962 sheria ilimlazimisha tajiri kutoa kiinua mgongo kwa mtu anayemwachisha, kwa kadiri ya muda aliotumika mfululizo. Mwaka 1964 ukaundwa mfuko wa akiba wa wafanya kazi, tajiri na mfanya kazi wakichangia pamoja. Hizi zilikuwa hatua njema. Walakini zote mbili zilisimama juu ya maswali yale yale mawili. Mpakuzi wa bandarini aliyeitwa meli inapofika, na fundi mwashi aliyepatana kwa nyumba moja, hawakuwa na utumishi wa mfululizo wala jina katika daftari. Na bima ya shamba nayo ilikuja kuyumba. Mavuno ya korosho ya Tanzania, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kusini, yalipita tani 140,000 katika msimu wa 1973/74. Katika msimu wa 1986/87 hayakufika tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei haikuwa ya kutia moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaishambulia miti. Ilikuwa dhahiri kwamba shamba nalo laweza kukosa kazi.

Katika karne hii kishindo kilirudi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, karibu na mlango wa Ruvuma, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilitandikiwa bomba la zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, likazinduliwa mwaka 2015. Ujenzi wa namna hii hupita mikono mingi: kampuni kubwa humpa kazi mkandarasi, naye humpa mkandarasi mdogo, naye hupatana na fundi mwenye vyombo vyake. Bomba likitandikwa, kazi imekwisha, na kila mmoja aweza kusema kwamba fundi yule hakuwa mtu wake.

Sheria ya sasa imejaribu kulijibu jambo hili kwa njia mbili. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 yasema kwamba mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa, hata akiitwa mkandarasi, ikiwa hali yake ya kazi ina moja katika dalili zilizotajwa. Kwa mfano, anapewa vyombo vya kazi, au anamtegemea yule mmoja kwa riziki, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Kwa hiyo jina lililoandikwa katika mkataba si neno la mwisho. Kisha mwaka 2018 likawekwa fao la kukosa ajira: mwanachama wa mfuko aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa pasipo kujiuzulu, hupata theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Mtu aliyejiajiri naye aweza kujiandikisha na kuchangia kwa hiari. Lakini fao hili limepimwa kwa mshahara na kwa kuachishwa, na yeye hana mshahara, wala hana wa kumwachisha. Amefika mahali pale pale alipofika mwenziwe wa Uingereza mwaka 1948.

Je, haiwezekani kabisa? Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kazi za dunia, Marekani iliwalipa kwa muda hata waliojiajiri, kwa kutazama mapato yao ya nyuma na sababu iliyozuia kazi, bila kudai barua ya tajiri. Mpango huo ulikoma mwaka 2021, lakini ulionyesha kwamba kukosa kazi kwaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine. Watu wa Mtwara wamelijua hilo siku nyingi katika upatu: wenzi huchangiana, na kwa sababu wanajuana, hakuna anayehitaji hati kutambua ya kuwa mwenziwe amekwama. Udhaifu wa upatu ni kwamba bandari ikinyamaza, wote hukwama siku moja, na mfuko hukauka. Kwa hiyo jirani ana ujuzi bila fedha, na serikali ina fedha bila ujuzi. Toka siku za kipande viwili hivi vimekaa mbalimbali, na fundi wa kujitegemea amesimama katikati, kibarua chake kimeota nyasi, akingojea aulizwe swali analoweza kulijibu.